Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mechi ya Kufungua Msimu katika Vyuo vya Marekani

Jumamosi ya tatu ya muhula huu timu yetu ya kandanda itafungua msimu hapa hapa kiwanjani kwetu. Wageni wetu watakuwa vijana wa shule ya kata iliyo ng'ambo ya mto. Shule yao ni changa, yetu ni ya siku nyingi. Wao hutembea kwa miguu kwenda shule na kurudi nyumbani, na sisi tunalala bwenini na kucheza kila jioni. Kwa sababu hiyo hakuna hapa anayeuliza kama tutashinda. Ubishi uliopo mabwenini ni kama yatakuwa mabao matano au saba, na mmoja wa wachezaji wetu amesikika akisema kwamba mechi hii ni ya kunyosha viungo tu.

Mhariri alinipa kazi ya kuandika habari za mechi hiyo kabla haijachezwa. Nilipokaa kuandika nikaona ya kwamba habari ya mechi isiyochezwa ni kitu kigumu sana. Lakini wako watu wanaoifanya kazi hii kila mwaka, kwa bidii na kwa fedha nyingi, nao ni watu wa vyuo vikuu vya Marekani. Basi naomba niwaeleze kwanza jinsi vyuo hivyo vinavyofungua msimu nyumbani, na yaliyotokea Jumamosi ya tarehe 1 Septemba 2007 katika mji wa Ann Arbor. Mwisho nitarudi kwenye mechi yetu.

MCHEZO WENYEWE

Wamarekani wakisema futboli hawana maana ya kandanda yetu. Mchezo wao ni ndugu wa raga. Mpira una umbo la yai, nao hushikwa mikononi, hubebwa, hurushwa, na mara chache hupigwa teke. Kila upande una watu 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani kama meta 91, na kila mwisho wake pana eneo jingine la yadi 10, na nyuma yake milingoti ya goli. Timu huwa na vikosi viwili vilivyo mbali kabisa, kimoja cha kushambulia na kimoja cha kuzuia, na mpira unapobadili mikono vikosi navyo hupishana.

Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine. Ikishindwa mpira huenda kwa wenzao. Kwa hiyo mchezo hauendi mfululizo kama kandanda, bali huenda kwa hatua: jaribio, kipenga, watu wanajipanga, jaribio jingine. Kiongozi wa kikosi cha kushambulia huitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayeupokea mpira kila jaribio linapoanza, na ndiye anayeamua kama ataurusha kwa mwenzake aliye mbele, atamkabidhi mwenzake akimbie nao, au atakimbia nao mwenyewe.

Mchezaji akifika na mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, timu yake hupata pointi 6. Tendo hilo huitwa tachidauni. Baada yake timu huchagua moja katika mambo mawili: ama kupiga teke jepesi la kupitisha mpira kati ya milingoti kwa pointi 1, ama kujaribu tena kuingia na mpira kwa pointi 2, jambo lililo gumu zaidi. Timu iliyokwama njiani nayo yaweza kupiga teke kutoka pale ilipo, na mpira ukipita kati ya milingoti hupata pointi 3. Naomba msomaji aziweke akilini hesabu hizi za 6, 1, 2 na 3, maana zitatufaa baadaye.

Muda wa mchezo ni robo nne za dakika 15. Lakini saa husimamishwa mara nyingi, na mechi moja huchukua zaidi ya saa tatu.

KWA NINI VYUO?

Mtu aweza kuuliza: wanafunzi wanahusikaje na mambo makubwa namna hii? Jibu ni kwamba mchezo huu ulizaliwa vyuoni. Mechi ya kwanza baina ya vyuo viwili ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 katika mji wa New Brunswick. Chuo cha Rutgers kilikuwa mwenyeji na wageni walikuwa vijana wa Princeton, wachezaji 25 kila upande, na wenyeji wakashinda 6 kwa 4. Siku hiyo mchezo ulifanana zaidi na kandanda kuliko na huu wa leo. Baadaye Walter Camp wa chuo cha Yale aliongoza kuupa sura mpya, na mwaka 1880 hesabu ya wachezaji ikawekwa kuwa 11.

Ulikuwa mchezo wa hatari. Vijana walifia kiwanjani, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa michezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton ili kuzungumza nao jinsi ya kupunguza ukatili huo. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa, na kurusha mpira mbele kwa mkono kukaruhusiwa. Mwaka huo huo wa 1906 ndipo kilipoundwa chama ambacho leo huitwa NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo.

Basi kabla ligi ya kulipwa haijapata nguvu, Wamarekani walikuwa wamekwisha kuzipenda timu za vyuo vyao. Mtu aliyesoma chuo fulani huishangilia timu yake mpaka uzee, na watoto wake hurithi rangi zake. Katika miji midogo mingi hakuna timu nyingine kubwa ila ya chuo. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba msimu unapofunguliwa, wanafunzi huwa ndio kwanza wamerudi kutoka likizo, wazee waliosoma zamani husafiri kurudi mjini, bendi ya chuo hupiga tarumbeta uwanjani, na watu hupika na kula nje karibu na magari yao tangu asubuhi. Ni sikukuu kwa mji mzima.

MGENI WA KULIPWA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Timu ya chuo hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida. Nyingi kati ya hizo ni dhidi ya vyuo vya kundi lake, na hizo hupangwa na wakuu wa kundi. Mechi chache zilizobaki, ambazo kwa kawaida huwa za mwanzoni, chuo hujitafutia chenyewe wapinzani na kuandikiana mkataba nao, pengine miaka kadhaa kabla.

Hapo ndipo chuo kikubwa hufanya hesabu zake. Hutaka kufungua msimu nyumbani, maana uwanja ukijaa fedha za viingilio huingia kwake. Hutaka pia kushinda, maana mwaka una mechi chache, na kushindwa mara moja tu kwaweza kuharibu matumaini yote. Kwa hiyo mara nyingi hutafuta mpinzani mdogo, humlipa aje, wala hakiahidi kwenda kwake siku nyingine. Mgeni huja, hucheza, hushindwa kwa pointi nyingi, hupokea fedha, na hurudi kwao. Fedha hizo si za kudharauliwa. Chuo kidogo huzitumia kununua vifaa, kulipia safari, na kuendesha michezo mingine isiyoleta kiingilio.

Waswahili tuna methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twaisema kwa wema, tukimaanisha kwamba mgeni huleta baraka na chakula kizuri hupikwa. Vyuo vikubwa vya Marekani navyo, bila kuijua methali yenyewe, huitumia kwa njia yao: mgeni njoo, ili mwenyeji ashinde.

Tena vyuo hivi haviko daraja moja. Tangu mwaka 1978 vile vilivyo katika kundi la kwanza vimegawanywa sehemu mbili, ya juu na ya chini. Mwaka 2007 timu ya daraja la juu iliruhusiwa kuwasomesha wachezaji 85 kwa gharama ya chuo. Timu ya daraja la chini ilikuwa na nafasi 63 tu. Wachezaji wenyewe hawakuruhusiwa kulipwa mshahara, walipata masomo, malazi na chakula. Ruhusa ya kupata fedha kwa kutumiwa majina na picha zao ilikuja mwaka 2021. Kwa hiyo mtu ajuaye hesabu ataona mara moja kwamba timu ya chini iendapo kwa timu ya juu, inakwenda na watu wachache, wepesi zaidi kwa uzito, na ambao wengi wao hawakuitwa na vyuo vikubwa walipomaliza shule.

WENYEJI NA WAGENI WA MWAKA 2007

Mwenyeji wa siku tunayoieleza alikuwa Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoanzishwa mwaka 1817. Wakati ule hapakuwa na chuo chochote Marekani kilichokuwa kimeshinda mechi nyingi za futboli kuliko hicho. Uwanja wake wa Ann Arbor ulifunguliwa mwaka 1927, na sehemu yake kubwa imechimbwa ardhini, mashabiki wakauita Nyumba Kubwa. Huingia watu zaidi ya 107,000, karibu sawa na wakazi wote wa mji wenyewe. Msomaji aliyepata kufika Dar es Salaam katika uwanja wa Benjamin Mkapa, uchukuao watu 60,000, na apige hesabu mwenyewe.

Mgeni alikuwa Chuo Kikuu cha Appalachian State, cha mji mdogo wa Boone, katika milima ya jimbo la North Carolina. Chuo hiki kilianza mwaka 1899 kama shule ndogo ya watoto wa milimani, kikawa chuo cha kufundisha walimu, na mwaka 1967 kikawa chuo kikuu. Timu yake ilikuwa ya daraja la chini. Michigan walikubali kuilipa dola 400,000 ili ije.

Sasa tufanye kama wale waandishi wa magazeti walivyofanya wiki ile, tuitabiri mechi kabla haijachezwa. Huhesabu mambo matatu.

La kwanza, mwaka uliopita ulikuwaje. Michigan walikuwa wameshinda mechi 11 mfululizo mwaka 2006 kabla ya kushindwa mbili za mwisho. Katika kura ya waandishi wa habari, ambayo kila wiki huzipanga timu 25 bora za nchi, walianza mwaka wakiwa nambari 5. Wageni hawakuwamo katika orodha hiyo, wala hawakuweza kuwamo, maana waandishi hawakuruhusiwa kuzipigia kura timu za daraja la chini.

La pili, nani amebaki na nani ameondoka. Michigan walibakiwa na kwotabeki wao Chad Henne, na Mike Hart, mkimbiaji hodari, na mlinzi mkubwa Jake Long. Kikosi chao cha kushambulia kilisifiwa nchi nzima.

La tatu, mechi inachezwa wapi. Inachezwa Nyumba Kubwa.

Kwa hesabu hizo tatu kila mtu alitoa jibu moja. Hata mimi ningalitoa lile lile.

Lakini hesabu ile haikukamilika. Katika swali la nani ameondoka, waandishi waliangalia kikosi cha kushambulia kuliko cha kuzuia, na katika kile cha kuzuia Michigan walikuwa wamepoteza watu watano waliokwisha kuchukuliwa na timu za kulipwa mwaka ule ule. Katika swali la mwaka uliopita, waliangalia daraja la mgeni bila kuangalia mwenendo wake. Appalachian State walikuwa mabingwa wa daraja lao mwaka 2005, na tena mwaka 2006, nao walikuja Ann Arbor wakiwa wameshinda mechi 14 mfululizo. Timu iliyozoea kushinda haisahau namna ya kushinda kwa sababu tu imepanda ndege.

Tena kulikuwa na jambo la ufundi. Kocha wao Jerry Moore alikuwa amebadili uchezaji. Katika mchezo huu ni desturi wachezaji kukusanyika duara kabla ya kila jaribio ili waambiwe mpango, na wakati huo wapinzani hupumua. Timu ya Moore haikukusanyika. Jaribio likiisha walijipanga mara moja na kuanza jingine. Zaidi ya hayo waliwatawanya wachezaji wao katika upana wote wa uwanja, badala ya kuwabana katikati. Kwotabeki wao, kijana mwembamba aitwaye Armanti Edwards, alikuwa na mbio na shabaha pia, na akiona nafasi hukimbia mwenyewe. Faida yake ni hii: mtu mkubwa na mwenye nguvu ni hatari akiwa karibu nawe na akiwa amepumzika. Mlazimishe akimbie kutoka upande huu hadi ule, jaribio baada ya jaribio, bila kupumua, na uzito wake utakuwa mzigo wake. Hivyo timu ndogo ilipata njia ya kupunguza faida ya timu kubwa bila kuwa na watu wakubwa.

SIKU YENYEWE

Mechi ilianza saa sita mchana. Watazamaji walikuwa 109,218. Wenyeji wakapata tachidauni mapema, na ilionekana kwamba mambo yatakwenda kama yalivyotabiriwa. Lakini punde wageni wakarusha pasi kwa Dexter Jackson, naye akakimbia peke yake. Tendo zima lilikuwa la yadi 68. Zikawa 7 kwa 7. Katika robo ya pili wageni wakaingia mara tatu zaidi. Edwards alirusha pasi tatu za tachidauni katika nusu ile ya kwanza, na ya nne akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Timu zilipokwenda mapumzikoni ubao ulisomeka wageni 28, wenyeji 17.

Mashabiki wa Michigan waliipigia zomeo timu yao wenyewe. Hart alikuwa ameumia na kukaa nje kwa muda mrefu. Alipoweza akarudi, na wenyeji wakaanza kulipunguza deni kidogo kidogo. Wageni walipokuwa na 31, wenyeji wakaingia na kufikia 26.

Hapa nazirudia zile hesabu. Michigan walikuwa na haki ya kupiga teke jepesi la pointi 1. Badala yake walijaribu pointi 2, ili wabakiwe na deni la 3 tu, ambalo teke moja la mbali lingelilipa. Wakashindwa. Baadaye, zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 36, Hart alichomoka na kukimbia yadi 54 mpaka mwisho. Wenyeji 32, wageni 31. Wakajaribu tena pointi 2, ili teke la wageni lisiweze kuwashinda. Wakashindwa tena. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake nzuri. Lakini mateke mawili mepesi yangaliwapa 34 badala ya 32, na pointi hizo mbili zilikuja kutafutwa sana.

Wenyeji wakapata mpira tena, wakapiga teke la kuongeza pointi 3, wageni wakaruka na kulizuia. Ilibaki dakika moja na sekunde 37, na wageni hawakuwa na ruhusa iliyosalia ya kusimamisha saa. Edwards akawaongoza wenzake yadi 69 bila kukusanyika, kama walivyozoea siku zote. Ndipo twaona faida ya mazoezi: kile ambacho timu nyingine hukifanya kwa hofu wakati saa inakwisha, wao walikuwa wakikifanya tangu saa sita mchana. Zikiwa zimebaki sekunde 26, Julian Rauch akapiga teke la yadi 24. Mpira ukapita. Wageni 34, wenyeji 32.

Hata hapo mambo yalikuwa bado. Henne alirusha mpira mrefu, yadi 46, ukadakwa. Sekunde 6. Michigan wakajipanga kupiga teke la yadi 37, teke ambalo mpigaji wa chuo hulipata mara nyingi. Mpira ulipoinuka, mlinzi wa wageni Corey Lynch alikuwa amekwisha kupenya. Akauzuia kwa mwili wake, akauokota, akaanza kukimbia nao upande wa pili, na muda ukaisha akiwa angali anakimbia, mpaka akaangushwa. Watu zaidi ya laki moja wakakaa kimya, na kelele pekee iliyosikika ni ya wale wageni wachache na wachezaji wao wakirukiana.

Kule Boone wanafunzi walitoka mabwenini, wakaing'oa milingoti ya goli ya uwanja wao wenyewe, wakaibeba mpaka nyumbani kwa mkuu wa chuo. Sisemi kwamba ni jambo la kuiga, nasema ndivyo ilivyokuwa.

BAADAYE

Haikuwa imetokea kabla ya siku hiyo timu ya daraja la chini kuishinda timu ya juu iliyomo katika orodha ile ya waandishi. Orodha mpya ilipotoka, Michigan hawakushuka nafasi chache tu, walitoka kabisa katika 25. Na waandishi wakabadili kanuni yao, ikawa halali kuzipigia kura timu za daraja la chini. Huo ulikuwa ushindi mwingine wa wageni, usioandikwa ubaoni.

Lakini tusiwaache wenyeji pale. Wiki iliyofuata walishindwa tena nyumbani na chuo cha Oregon, 39 kwa 7. Timu nyingine ingalivunjika moyo. Wao wakaanza upya, wakashinda mechi nane mfululizo, na tarehe 1 Januari 2008 wakafunga msimu kwa kuwashinda Florida 41 kwa 35. Wageni nao hawakulewa sifa, maana mwisho wa mwaka 2007 waliutwaa ubingwa wa daraja lao kwa mara ya tatu mfululizo.

Tarehe 30 Agosti 2014 timu hizi mbili zilikutana tena, uwanja ule ule, mechi ya kufungua msimu vile vile. Safari hii Michigan walishinda 52 kwa 14. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, asije msomaji akadhani nasema kwamba mdogo hushinda daima. La! Mara nyingi mkubwa hushinda, ndiyo maana humwalika mdogo. Ninalosema ni kwamba ukubwa wake hauandikwi ubaoni kabla ya mchezo. Ubao huanza na sifuri mbili.

NA SISI JE?

Sasa nirudi kwenye kazi niliyopewa. Nizihesabu zile hesabu tatu kwa mechi yetu wenyewe.

Mwaka uliopita tulishinda mechi nyingi kuliko tulizoshindwa. Hilo ni kweli, na ni sifa kwa kaka zetu waliomaliza. Lakini neno lenyewe ni hilo: wamemaliza. Golikipa wetu wa mwaka jana na mabeki wawili wa kati walikuwa Kidato cha Nne, nao sasa wako makwao. Waliobaki ni washambuliaji, ambao kila mtu huwaona na kuwasifu. Kuhusu mazoezi, tangu tufungue shule nimehesabu siku nne tu ambazo wachezaji wote kumi na mmoja wamefika kiwanjani. Na kiwanja ni chetu, ila kiwanja hakipigi pasi.

Habari za wageni ninazo chache. Wale wenzetu wa kutwa wanasema kwamba vijana wa ng'ambo ya mto hukimbia kila asubuhi kwenda shuleni, mabegi mgongoni, na kwamba mwalimu wao huwabakiza jioni mara tatu kwa juma hata kama mpira ni mmoja. Mwaka jana walicheza mechi zao zote ugenini, kwa kuwa kiwanja chao hakijasawazishwa. Timu isiyopata kucheza kwao hata mara moja haiwezi kuogopa kucheza kwetu.

Basi yule anayetaka nimwambie yatakuwa mabao matano au saba atanisamehe. Kabla ya kuandika makala haya nami nilikuwa nimesema manne. Neno langu hilo naliondoa. Ninachoweza kuandika kwa hakika ni hiki tu: zimebaki siku tisa, na siku tisa zatosha kwa mazoezi saba ikiwa kila mchezaji atafika. Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende.

Mechi itaanza saa kumi jioni. Wazazi wote wanakaribishwa, na wageni watapewa chai kabla ya mchezo kama ilivyo desturi ya shule yetu, maana kwetu mgeni huitwa ili aheshimiwe, hata tukitaka kumshinda. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaombwa kufika mapema Jumamosi asubuhi na ndoo, kwa kuwa mistari ya kiwanja bado haijapigwa chokaa. Matokeo nitayaandika katika gazeti la muhula ujao, yawe yatakavyokuwa.